Kuunda Kichwa cha Treni kwa Bati: Vipimo, Magurudumu na Maneno Yake

Makala haya yanaeleza namna ya kuunda kwa mikono kielelezo cha injini ya mvuke. Huenda msomaji akauliza: Rumonge na treni wapi na wapi? Mji huu wa mawese na ndagala unatazama ziwa, na wakati Burundi na Tanzania zilipotia saini mwaka 2022 makubaliano ya reli ya Uvinza hadi Musongati, Burundi haikuwa na reli. (Hata hivyo Warundi wana neno gariyamoshi, neno lilitangulia kitu.) Reli iliyo jirani ni ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwenye mwambao wa ziwa hilihili. Mwalimu wa hapa akisema "pistoni husukuma gurudumu" bila kitu cha kuonyesha, darasa litakariri tu.

Injini ya kuiga tunapendekeza iwe ya daraja la 29 la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Moja yake, namba 2921, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na picha zake hupatikana kwa urahisi.

Kwanza ni skeli. Reli zetu za zamani zina upana wa milimita 1,000. Tukichagua skeli ya 1 kwa 20, upana huo unakuwa milimita 50, na gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.2 linakuwa sentimita 6. Skeli ndogo zaidi inapendeza machoni lakini humtesa anayetumia mkasi wa bati na tupa.

Mwili ni kazi ya fundi bati. Kopo la mviringo ndilo boila. Dohani, yaani bomba la moshi, hukatwa katika kopo jembamba na kushikizwa kwa lehemu. Ribiti hazigongwi moja moja: laza bati juu ya ubao laini, kisha gonga msumari butu polepole kwa nyuma, ukifuata mstari uliochorwa kwa rula. Upande wa mbele vitatokeza vichomozo vidogo. Fanya hivyo kabla ya kukunja bati, maana baadaye nyundo haifiki.

Penye kazi hasa ni magurudumu. Daraja la 29 lina magurudumu manane ya kuendesha, manne kila upande, yaliyofungwa pamoja kwa fito. Pini za upande wa kulia hutangulia zile za kushoto kwa robo mzunguko, yaani nyuzi 90. Sababu yake ni kwamba pistoni ikifika mwisho wa mwendo wake haina nguvu ya kuzungusha gurudumu. Wakati huo ile ya upande wa pili iko katikati na inasukuma kwa nguvu zote. Basi ekseli zote nne ziwe na pembe ileile. Moja ikipotoka kidogo tu, fito zitakwama. Usiamini jicho. Tengeneza kiolezo cha mbao chenye nafasi ya ekseli na vizuizi viwili vya pini, kisha kaza kila jozi ndani yake. (Wanafunzi huchanganya kiolezo na kielelezo: kiolezo hupimia kazi, kielelezo ndicho kinachoonyeshwa.) Jaribu fito kabla ya kuweka pistoni, zizunguke kwa kidole kimoja.

Behewa la nyuma lisirundikwe makaa ya mawe, kama picha za vitabuni zinavyotushawishi. Injini hizi zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo weka tangi lenye kifuniko. Rangi ni damu ya mzee, tabaka mbili nyembamba, la kwanza likauke kabisa. Kibati cha jina hubandikwa mwisho, kwa kuwa injini za daraja hili zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Ya 2921 huitwa Masai of Kenya.