Blanketi la Viraka: Bitana Ikae Sawa na Uso

Mama mwenzangu, huku kwetu Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, baridi ya Juni na Julai haina huruma. Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hukusanya vipande vya vitenge na kushona mablanketi kwa ajili ya wazee na wagonjwa.

Blanketi letu la kwanza tulimpelekea bibi mmoja aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani. Uso wake ulipendeza, na kila aliyeuona alisifu. Siku ya nne nilikwenda kumsafisha. Nilipomgeuza nikaona mstari mwekundu kwenye nyonga. Binti yake alikuwa amelikunja blanketi na kulitandika chini yake ili apate joto, na bitana tuliyoishona vibaya ilikuwa na mikunjo migumu kama kamba.

Mimi ni muuguzi. Najua kwamba kidonda cha kulalia huanza hivyo: ngozi inabanwa mahali pamoja, damu haipiti vizuri. Nilisikia aibu. Tulikuwa tumetandaza uso juu ya bitana kuanzia kona moja, tukisukuma kwa mikono. Tulipofika kona ya pili, bitana ilikuwa imekwenda upande kwa vidole vitatu. Mwenzetu mmoja akasema, "Nani atatazama chini?" Nami nikanyamaza.

Tulilifumua lote. Tangu hapo tunafuata njia hii.

1. Fua kwanza. Khanga na vitenge vipya hurudi vikifuliwa, na vingine huchuja rangi. Fua, anika, piga pasi, ndipo ukate.

2. Pima. Khanga moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Ukiunga khanga mbili za doti kwa pande zao ndefu, ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, unapata bitana ya 150 kwa 218. Uso wenye viraka vya sentimita 17, vinane kwa upana na kumi na viwili kwa urefu, ni 136 kwa 204. Hapo bitana inazidi sentimita 7 kila upande. Ziada hiyo ni ya lazima, utaikata mwishoni.

3. Tafuta katikati. Kunja uso mara mbili, kisha mara mbili tena, utie alama ya chaki katikati ya kila ukingo. Fanya vivyo hivyo kwa bitana. Lakini khanga isikunjwe kwa kufuata ukingo wa kitambaa, maana mara nyingine chapa huwa imekwenda upande. Fuata pindo na mji wake.

4. Tandaza. Weka bitana sakafuni, upande mzuri chini, uibane kingo bila kuivuta. Mshono ufunguliwe kwa pasi, ulale pande zote mbili, usiwe tuta. Juu yake weka blanketi kuukuu lililofuliwa, kisha uso. Alama nne zikutane na alama nne.

5. Anza katikati. Chomeka pini wima kwenye mshono wa katikati wa uso. Inua ukingo utazame chini: pini itokee kwenye mshono wa bitana. Ikitokea kando, sogeza sasa. Ndipo ubane ukielekea kingoni, na upige bandi, mistari ikiachana shibiri moja. Geuza, pitisha kiganja mgongoni. Mkunjo wowote ukiusikia, fumua.

Mwisho, hesabu pini. Hospitalini hatufungi kidonda kabla ya kuhesabu vifaa. Na blanketi lisitoke kabla pini zote hazijarudi koponi.

Tena, blanketi hata likiwa zuri halimalizi kazi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na shuka lake linyooshwe kila mara.

Bibi yule tulimrudishia blanketi lake baada ya juma moja. Wekundu ulikuwa umekwisha. Alilipapasa upande wa chini kwanza, akasema, "Sasa mmenishonea mimi." Mama mwenzangu, usione haya kufumua. Sisi tulisifiwa kwa uso, lakini aliyelalia bitana alikuwa yeye.