Linux Huonjwa Kwanza

Ukiingia maduka ya laptopu za ex-UK, iwe Magongo au Mlaleo hapa Mombasa, utazikuta zile zile: ThinkPad X250, EliteBook 840 G3, zimepanguswa vumbi na kubandikwa bei. Ni mashine imara, zilizoundwa kwa kazi za ofisi. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. X250 ni ya kizazi cha tano, 840 G3 ni ya cha sita. Zimefukuzwa darasani zikiwa na akili zao timamu, na tayari wapo wanaoziita mizoga. Jambo hilo linaniuma.

Hapo ndipo Linux hutajwa, na mabishano huanza papo hapo. Huyu anasema Ubuntu, yule Mint, mwingine Zorin, mwingine Fedora, kila mmoja akitetea kama shabiki wa timu. Anayeanza hurudi nyumbani kichwa kimevurugika, akaenda saiba kuwekewa Windows ya wizi, na virusi vikaendelea kuhama kutoka flashi hadi flashi. Washauri hawa wanamchagulia mtu kwa maneno kitu ambacho angeweza kukionja mwenyewe, kwenye mashine yake, kwa nusu saa, bila kufuta hata herufi moja. Flashi ya kuonjea, yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, ndiyo ninayotaka kuieleza, maana wengi huipita mbio wakikimbilia kusakinisha.

Kompyuta ikiwashwa, kinachoamka kwanza ni chipu ndogo kwenye bodi kuu, na kazi yake ni kutafuta mfumo wa kuanza nao. Kwa mazoea huelekea diski ya ndani. Ukibonya F12 kwenye Lenovo au Dell, au F9 kwenye HP, mara tu unapowasha, itakuuliza uanze na nini. Chagua flashi. Kerneli itapakiwa, kile kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, nayo itaanza kuvihoji vifaa: kadi ya waifai ni ya nani, sauti ni ya nani, skrini je? Kila kifaa hujitambulisha kwa namba yake, na kerneli hukichukulia draiva inayokifaa kutoka katika shehena iliyokuja nayo. Ndiyo maana flashi moja huiamsha HP ya jirani na Lenovo yako bila kuomba sidii ya draiva.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Mfumo mzima, pamoja na kivinjari na programu za ofisi, umebanwa ndani ya faili moja kubwa la aina iitwayo SquashFS. Faili hilo husomwa tu, haliandikiki. Wala halifunguliwi lote kwa pamoja. Kerneli hukunjua kipande kinachotakiwa wakati huo. Lakini mfumo hauwezi kuishi bila kuandika. Ni lazima uweke nywila ya waifai mahali, na barua unayochapa, na picha unayopakua. Kwa hiyo juu ya faili lile hutandikwa tabaka la pili, tupu, lililomo ndani ya RAM. Programu zikiandika, huandika kwenye tabaka la juu. Zikisoma, hutazama juu kwanza, zisipoona hushuka chini. Ni kama mwamba wa ufukweni Shelly ulioachiwa mchanga mwembamba maji yakipwa: unachora utakavyo, na kidole chako hakiugusi mwamba.

Kinachonishangaza hadi leo ni jinsi mfumo huu unavyofuta. Ukiondoa programu iliyomo kwenye tabaka la chini, hakuna kilichoondoka, kwa kuwa la chini haliandikiki. Tabaka la juu hutiwa alama ndogo tu ya kusema "hiki hakipo", na mfumo mzima ukaamini. Zima mashine, RAM ikose umeme, maji yamejaa na mchanga umesawazika. Windows iliyo kwenye diski ya ndani haitajua kwamba kulikuwa na mgeni, mradi hukuifungua diski hiyo ukafuta vitu vyake kwa mkono, wala hukubonya kitufe cha kusakinisha.

Aliyeipa fikra hii umaarufu ni Mjerumani Klaus Knopper, kwa sidii yake ya Knoppix ya mwaka 2000. Ubuntu ikafuata, na kuanzia toleo la 6.06 la mwaka 2006, sidii ya kuonjea na ya kusakinishia zikawa moja. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikiwatumia watu sidii hizo kwa posta bila malipo, mpaka ilipoacha mwaka 2011. Na hakuna ugeni humo wa kumtisha Mswahili. Neno ubuntu la lugha za Kinguni ni ndugu wa damu wa utu wetu, na toleo la kwanza kabisa, la Oktoba 2004, lilipewa jina la ngiri. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Naona ni aibu kwamba miaka zaidi ya 20 baadaye bado twaambiana kuwa mambo haya ni ya Wazungu na wadukuzi.

Tangu sidii za posta zilipokoma, kizuizi chetu kimekuwa bando, na bando ndilo kipimo changu cha kwanza cha kuchagua. Nikitakiwa kutaja jina, nasema Linux Mint: ya Xfce kama RAM ni gigabaiti 4, ya Cinnamon kama ni 8. Menyu iko chini kushoto, pale vidole vya mtu wa Windows vilipozoea. Toleo la 22, la Julai 2024, litahudumiwa hadi 2029. Muhimu zaidi, masasisho yake hukungoja uyaruhusu. Ubuntu naiheshimu, lakini ina programu za aina ya snap ambazo hujisasisha zenyewe usipozizuia. Mint iliamua mwaka 2020, kwenye toleo la 20, kwamba snap haitaingia bila mwenye mashine kuiita. Mwenye faiba nyumbani hatajali. Mtu wa Mtongwe aliyenunua gigabaiti moja ya leo tu atajali sana.

Faili la Mint ni karibu gigabaiti 3. Mwombe mwenye faiba akupakulie, au mwenzako aliye nalo akupe, kwani kugawiana kumeruhusiwa waziwazi. Lipime namba yake ya uhakiki kabla ya kulitumia: Februari 2016 wezi waliivamia tovuti ya Mint wakaelekeza watu kwenye faili lililotiwa mlango wa siri. Halafu usilinakili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo. Huandikwa kwa Rufus au balenaEtcher, na kila kilichokuwamo ndani ya flashi hufutika.

Ukishaiwasha, onja kwa makusudi. Unganisha waifai. Cheza video usikilize sauti. Punguza mwanga wa skrini, funga kifuniko, kifungue tena uone kama itaamka. Chomeka printa uliyo nayo. Jirani yangu wa Timbwani niliwahi kumsakinishia kwa kuliamini jina tu, bila kuonja, nikafuta diski yote. Waifai ikakataa, naye alikuwa na kazi ya kuwasilisha kesho yake. Tuliokolewa na simu: waya wa chaji, kompyuta ikatumia intaneti ya simu, tukapakua draiva iliyokosekana. Tangu siku ile simfutii mtu diski kabla ya kuonja. Kasi tu ndiyo usiipime kwa flashi, maana flashi ni nzito kuliko diski ya ndani. Ikiwa diski hiyo ni ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, ibadilishe kwa SSD kabla ya kuilaumu Linux yoyote.

Nasisitiza haya kwa sababu Mombasa tunajua kitu kilichotupwa huishia wapi. Owino Uhuru, kule Mikindani, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliingia damuni mwa watoto, na Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Laptopu si betri ya gari, lakini ina betri ya lithiamu inayoweza kulipuka moto, na bodi yenye metali zisizofaa kuchomwa nje. Upande wetu wa Likoni sijaona pipa hata moja la taka za elektroniki. Zinachanganywa na maganda ya viazi, na Kisauni jaa ni Mwakirunge. Kaunti inayopokea mashine hizi kwa makontena pale Kilindini ingepaswa kuwa ya kwanza kufundisha vijana wake kuziongezea miaka.

Flashi hiyo hiyo ina kazi nyingine: kuokoa picha na vyeti kwenye Windows iliyogoma kuwaka, kufichua mafaili ambayo kirusi cha saiba kimeyageuza kuwa njia za mkato, kukagua laptopu dukani kabla hujatoa pesa, kuingia eCitizen kwenye mashine ya watu bila kuacha nywila, kufuta diski kabla ya kuiuza, kumfunza mtoto Python. Ukimaliza, ifomati, irudi kubeba kaswida.