Bakteria wa Udongo Walao Dawa ya Magugu

Mto Ugalla hukusanya maji ya misitu ya miombo ya magharibi ya Tanzania na kuyapeleka katika mto Malagarasi, ambao huyamwaga katika Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo dawa inyunyizwayo katika shamba lililo kando ya Ugalla si jambo la mwenye shamba peke yake.

Tuchukue mfano wa atrazini, dawa ya kuua magugu katika mashamba ya mahindi na miwa. Dawa hii huzuia magugu yasijitengenezee chakula kwa nuru ya jua. Kwa kuwa haishikwi sana na udongo, maji ya mvua huweza kuichukua hadi mitoni, au kuizamisha hadi maji ya visima. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kutoiruhusu tena.

Hata hivyo, udongo una walinzi wake. Molekuli ya atrazini ni pete ya atomu 3 za kaboni na 3 za nitrojeni, yenye atomu moja ya klorini na matawi mawili ubavuni. Baadhi ya bakteria wana vimeng'enya viwezavyo kuibomoa. Kimeng'enya cha kwanza huing'oa klorini, na mara dawa hupoteza nguvu ya kuua magugu. Vingine huyakata matawi, kisha huivunja pete. Mwishowe hubaki kabonidioksidi na amonia, na bakteria hujipatia nitrojeni ya kukulia.

Je, bakteria hao hupatikana wapi? Aghalabu pale ambapo dawa imetumika kwa muda mrefu, kwani waliao chakula hicho ndio wanaoongezeka. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza habari za bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliotoka mahali palipomwagika dawa. Mwaka 2009 Zachary Getenga wa Kenya na wenzake walitangaza kuwa wamewapata bakteria wa jamii ya Arthrobacter katika udongo wa shamba la miwa nchini Kenya. Hao huvunja atrazini na pia dawa nduguye, tabuthilazini.

Lakini jambo hili lina pande mbili. Udongo uliozoea kula dawa huimaliza upesi, na mkulima huona magugu yakirudi mapema. Akizidisha kipimo, huongeza gharama na hatari.

Tena bakteria huhitaji unyevu, hewa na muda. Katika nchi ya Ugalla udongo hukauka miezi mingi ya kiangazi, na bakteria hupunguza kazi. Dawa ikinyunyizwa kisha mvua kubwa ikanyesha, maji huweza kuitangulia kazi yao. Hapana budi basi kuacha ukanda wa majani kando ya mto, kutoosha mabomba ya kunyunyizia mtoni, na kupalilia kwa jembe panapowezekana.

Uhai wa udongo waweza kuonyeshwa darasani pasipo sumu yoyote. Weka udongo mbichi wenye sukari kidogo katika chupa moja, na udongo uliokaangwa sana, ukapoa na kuloweshwa kwa maji yaliyochemshwa, katika nyingine. Tia katika kila chupa kikombe kidogo cha maji safi ya chokaa, kisha ufunike kabisa. Baada ya siku chache, maji ya chupa ya kwanza yatageuka meupe zaidi, kwa kuwa bakteria wamepumua.