Saa Sita ya Kigoma Hufika Saa Saba

Tarehe 14 Februari, mtu akisimama Ujiji na kuchomeka kijiti wima ardhini, atakiona kivuli kikifupika polepole, kikielekea kaskazini, hadi kifikie ufupi wake wa mwisho. Hapo ndipo jua limefika kilele chake cha siku hiyo. Akitazama simu yake atakuta ni saa 7 na robo mchana. Akirudia jaribio hilo mapema Novemba, kilele kitakuja kama saa 7 kasorobo. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambapo jua la Kigoma hufika kilele saa 6 kamili.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au uzi mmoja kwa dakika 4. Saa ya Tanzania, iliyo saa tatu mbele ya Greenwich, ni saa ya jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haugusi Tanzania mahali popote. Unapita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu, kwa hiyo jua lake huchelewa kwa dakika ishirini na kitu, na wengi hawalijui hilo. Ujiji na Kigoma ziko nyuzi 29 na zaidi ya nusu. Zidisha tofauti kwa dakika 4, unapata saa nzima na dakika moja hivi. Dakika 15 zinazoongezeka Februari na kupungua Novemba zinatokana na njia ya dunia kulizunguka jua: njia hiyo si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama.

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa muda mrefu, na naamini hakuna mji wa Tanzania unaofaa kufundishia jambo hili kuliko Ujiji. Tangu wageni wa kwanza wa Ulaya walipofika pale, saa zilizoingia zilibeba wakati wa mahali pengine. Ndiyo kazi waliyozinunulia.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 14, 1858. Katika mizigo ya wapagazi wao kulikuwamo kronomita, yaani saa za kisafiri za aina ambayo John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyejifunza ufundi wa saa, alithibitisha kwamba inawezekana kutengenezwa. Saa yake ya nne ilipelekwa baharini hadi Jamaika mwaka 1761 na ikarudi na sifa. Msafiri akiwa na saa inayoshika wakati wa mahali anapopajua, kwa mfano Greenwich au Zanzibar, huulinganisha wakati huo na jua au nyota za pale alipo. Tofauti ya saa mbili humpa tofauti ya longitudo. Latitudo haihitaji saa kabisa. Inatosha kupima kimo cha jua mchana au cha nyota usiku, na ndiyo maana katika ramani za zamani za Ziwa Tanganyika miji mara nyingi iko sawa kwa kaskazini na kusini lakini imesogea mashariki au magharibi.

Kosa dogo la saa lina bei kubwa. Kronomita ikipotea dakika moja, msafiri aliyeko Ujiji atajiandika kilomita 28 mbali na alipo. Ikipotea sekunde nne tu, ni karibu kilomita mbili.

Watu hudhani kronomita nzuri ni ile isiyopoteza hata sekunde. Mafundi hawakuahidi hivyo. Waliahidi kwamba kila siku ingewahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho huitwa mwendo wa saa, na msafiri hukijua kabla hajaondoka, kisha hukitoa katika hesabu zake. Ndani yake kuna kamani inayosukuma magurudumu ya meno, na mwishoni kuna gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi, likiongozwa na kamani nyembamba kama unywele. Joto huilegeza kamani hiyo, kwa hiyo fundi huunganisha metali mbili tofauti kwenye ukingo wa gurudumu ili ukingo ujipinde kwa ndani joto linapozidi na kufidia ulegevu huo. Saa lazima itiwe ufunguo kila siku wakati uleule, ikae wima au ilale vilevile, isitikiswe. Melini huwekwa ndani ya kisanduku chenye pete mbili zinazoifanya ilale sawa hata chombo kikiyumba.

Sasa iweke kichwani mwa mpagazi anayevuka mito, anayepanda milima, anayetua mzigo wake jioni kwa kishindo kwa sababu amechoka. Kabla safari ya Burton na Speke haijaisha, saa zao zote zilikuwa zimekufa. Walichofanya baadaye kinanivutia kuliko vyombo walivyovipoteza. Walichukua risasi nzito ya bunduki, wakaifunga uzi wa inchi 39 kutoka kwenye ndoano hadi katikati ya risasi, wakapata timazi inayobembea. Karibu na ikweta timazi ya sentimita 99, ambazo ni inchi 39 hasa, huchukua sekunde moja kwa kila mwendo wa upande mmoja. Kwa hiyo waliweza kuhesabu sekunde wakati wa kupima umbali wa mwezi kutoka kwenye nyota. Jaribu nyumbani kwa uzi wa urefu huo na nati ya baiskeli. Itabembea sekunde kwa sekunde, na haijali uzito wa nati.

Mwezi ndio ulikuwa saa ya akiba. Husogea kati ya nyota kwa kadiri ya upana wake mwenyewe kila saa moja, na majedwali ya mabaharia yalieleza ungekuwa wapi kwa saa za Greenwich. Lakini kosa la sehemu moja ya sitini ya uzi mmoja wa pembe katika kipimo hicho humtupa mpimaji kilomita zaidi ya 50. Kwa mikono inayotetemeka kwa homa, na macho yanayouma kama ya Speke, kosa hilo lilikuwa la kawaida.

Mtu mmoja aliyaona hayo yote kwa karibu na tunamtaja mara chache mno: Sidi Mubarak Bombay, mwongoza misafara. Alikuwapo Ujiji na Burton na Speke mwaka 1858, akarudi na Henry Morton Stanley mwaka 1871, akarudi tena na Verney Lovett Cameron mwaka 1874. Wazungu walibadilika na saa zao zilibadilika, lakini yeye alirudi kila mara. Historia ya vipimo vya ziwa hili ingeandikwa kwa haki zaidi kama ingeanzia kwake.

David Livingstone naye alipata mkasa wa saa. Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, kijana aliyebeba kronomita aliteleza akaanguka mara mbili. Saa hazikuvunjika, na hilo ndilo lililoleta madhara: ziliendelea kutembea kwa mwendo mpya ambao mwenyewe hakuujua, na longitudo zake zikaharibika. Saa iliyosimama hujulisha kwamba imesimama. Iliyobadili mwendo humdanganya mpimaji kila siku, naye huiamini.

Kisha alipoteza hata tarehe. Miaka ya homa na vidonda, bila barua na bila wa kuulizana naye, ilichanganya hesabu ya siku katika shajara yake. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871, Susi, mtumishi wa Livingstone, akatoka mbio kumpokea, wakakutana watu wawili wenye kalenda mbili. Kitabu cha Stanley kinasema ilikuwa Novemba 10. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio hilohilo katika siku za mwisho za Oktoba. Stanley mwenyewe aliugua homa njiani na kupoteza hesabu, na hadi leo wanahistoria hawajaafikiana juu ya tarehe. Mkutano huo umejengewa mnara, lakini siku yake haina uhakika.

Wenyeji wao hawakuwa na shida hiyo. Ujiji wakati ule ilikuwa mji wa wafanyabiashara Waislamu, wenye Ijumaa isiyoweza kusahaulika kwa sababu watu walikusanyika kuiswali, na mwezi ulioandama mbele ya macho ya mji mzima. Ramadhani ya mwaka 1288 Hijria ilianza katikati ya Novemba 1871, siku chache tu baada ya tarehe ya Stanley. Kalenda inayotunzwa na mji mzima haianguki na mtu mmoja anapougua.

Cameron, ofisa wa jeshi la majini, alifika Februari 1874, akachukua karatasi za Livingstone zilizobaki Ujiji, akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua na kuuona mto Lukuga unaotoka ziwani kuelekea Kongo. Upimaji wake uliipa ramani ya ziwa umbo linalotambulika.

Reli ilileta aina nyingine ya wakati. Wajerumani waliifikisha Kigoma Februari 1, 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Fikiria kila stesheni ingefuata jua lake: mkuu wa stesheni wa Kigoma angekuwa nyuma ya mwenzake wa Dar es Salaam kwa dakika 38 na nusu, Tabora ikiwa mahali fulani katikati. Njia yenyewe ilikuwa moja, treni za kwenda na za kurudi zikipishana stesheni. Wakuu wa stesheni wawili wasioafikiana ni saa ngapi wangezigonganisha. Reli ilihitaji telegrafu kwa sababu hiyo, na saa moja ikatawala kutoka bahari hadi ziwa.

Jambo hilo lilifika kilele Urusi ya wafalme. Ufalme huo mpana uliendesha treni zake kwa saa ya mji mkuu. Baada ya ufalme kuanguka saa ya Moscow iliendelea kutawala reli, hata Vladivostok, iliyo mbele kwa saa saba. Abiria alisoma tiketi ya usiku huku jua likiwaka. Stesheni za Urusi ziliacha utaratibu huo Agosti 1, 2018.

Nikilinganisha, saa moja ya Kigoma ni kitu kidogo. Lakini Kigoma ina jambo ambalo Vladivostok haina, nalo ni majirani. Nchi nne zinagusa Ziwa Tanganyika. Burundi, Zambia na upande wa mashariki wa Kongo zote hutumia wakati ulio saa mbili mbele ya Greenwich, yaani jua la nyuzi 30, mstari unaopita karibu kabisa na Kigoma. Tanzania peke yake iko saa moja mbele. Ina maana saa inayolingana na jua la Kigoma ni ile ya Kalemie na Bujumbura.

Mwaloni Kibirizi, ambako mashua za kwenda Kongo na Burundi hupakia mizigo, mtu makini haulizi saa ngapi tu. Huuliza saa ya wapi. Anayeahidiwa mzigo saa 4 asubuhi Kalemie ajue ni saa 5 kwenye simu aliyoipanga Kigoma. Abiria wa MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa vipandevipande kwa reli hiyohiyo ya Kigoma, walirudisha saa nyuma kila waliposhuka Mpulungu, Zambia. Wavuvi wa dagaa ndio wasiosumbuka: wao huvua kwa taa katika usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapowaka, na mwezi hauna mpaka wa nchi. Na mfungaji wa Ujiji anayesikia redioni adhana ya magharibi ya Dar es Salaam anajua kwamba futari yake bado dakika kama 40.

Sipendekezi Kigoma ipewe saa yake. Benki, mitihani ya taifa, treni na Bunge vinahitaji wakati mmoja, na gharama ya kuugawa ingewaangukia wafanyabiashara wadogo kwanza. Lakini wakati mmoja wa nchi haulazimishi ratiba moja ya nchi. Kigoma jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika 35 na saa 1 na dakika 10 hivi asubuhi, na miezi ya Februari, Juni na Julai huwa upande wa kuchelewa. Mtoto anayetakiwa shuleni saa 1 na nusu, na shule iko mbali, huondoka nyumbani gizani, akipita barabara moja na malori. Mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kengele hiyohiyo, amekwisha kupata mwanga. Kuisogeza kengele ya asubuhi kwa dakika 40 katika shule za msingi za mkoa huu hakuhitaji kugusa mtihani wala saa ya mtu yeyote.