Simu ya Upepo kwa Majengo ya Skimu

Mkulima mwenzangu, ukisimama mbele ya bohari ya chama chako cha ushirika asubuhi isiyo na ukungu, yamkini unayaona majengo yote ambayo jamaa yako huyategemea. Mitambo ya kupozea maziwa iko upande mmoja, shule iko ng'ambo ya bonde, na zahanati iko juu ya kilima. Unayaona kwa macho, lakini majengo hayo hayasemezani. Intaneti imefika bohari peke yake. Mwalimu hutembea na karatasi zake mpaka bohari, na muuguzi hupanda pikipiki kwenda Eldoret kila anaposhindwa kuandikisha mgonjwa wa SHA.

Je, kuna njia ya kugawana intaneti hiyo moja bila kuvuta waya kupita mashamba ya watu? Iko. Lakini kwanza nataka ujue hasara ya kuanza vibaya. Nitasimulia kosa, na kosa hilo ni langu pia.

Waya uliozikwa na fedha zetu

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Skimu moja si mbali na Turbo ilitaka kupeleka intaneti kutoka bohari mpaka shule, umbali wa mita 600 hivi. Halmashauri ikaamua kununua waya wa shaba, ule unaotumiwa kuunganisha kompyuta. Katibu aliniletea karatasi za maombi, nami nikazipiga muhuri bila kuuliza swali hata moja. Waya ukazikwa futi moja chini ya udongo, ukipita katika mashamba ya wanachama wanne.

Siku ya kwanza haukufanya kazi. Waya wa namna hiyo hupeleka habari vizuri kwa mita 100 tu. Fundi akaongeza visanduku vitano njiani vya kusukuma habari mbele, na kila kimoja kilitaka stima yake. Intaneti ikafika shuleni, watoto wakafurahi. Mwezi wa Machi, wakati wa kulima, trekta ikaukata waya mahali pawili. Ukaungwa. Baadaye fuko wakautafuna. Ukaungwa tena. Mwezi wa Mei radi ikapiga karibu na shule, na nguvu yake ikaufuata waya mpaka bohari, ikaunguza kompyuta ya mweka hazina iliyokuwa na hesabu za maziwa.

Katika mkutano wa wanachama mzee mmoja alisimama akasema, "Fedha zangu zimezikwa ardhini, na sasa hata hesabu ya maziwa yangu haionekani." Wengine wakanong'ona kwamba katibu amekula pesa. Hakula hata senti moja. Alinunua kitu kisichofaa, nami nilikipiga muhuri. Lakini shaka ikiingia katika chama ni kama nondo katika blanketi. Baadhi ya wanachama wakaanza kuwauzia maziwa wachuuzi wa barabarani, ijapokuwa bei yao ilikuwa ndogo.

Njia isiyo na waya

Zamani mawasiliano yasiyo na waya yaliitwa kwa Kiswahili "simu ya upepo". Jina hilo linafaa hata leo. Redio mbili ndogo, kila moja kama sahani ya chakula, hufungwa juu ya milingoti miwili na kuelekezwa uso kwa uso. Ya kwanza huchukua intaneti ya bohari na kuirusha. Ya pili huidaka na kuiingiza shuleni.

Usidhani ni sawa na Wi-Fi ya ndani ya nyumba. Ile hutawanya nguvu zake pande zote, kama mtu anayepiga kelele sokoni, nayo huisha baada ya makumi machache ya mita. Hizi redio hukusanya nguvu zake upande mmoja, kama tochi, na kwa hivyo huweza kufika kilomita kadhaa kwa umeme kidogo sana.

Jambo moja ulikumbuke: redio ni mfereji, si chemchemi. Hazitengenezi intaneti. Hupeleka ile tu ambayo chama kimenunua, iwe imefika kwa waya wa fiba, kwa modemu ya simu, au kwa sahani ya setilaiti. Chemchemi ikiwa ndogo, mfereji mpana hautaongeza maji.

Kazi hii si ngeni katika Kenya. Mwaka wa 2013, karibu na Nanyuki, mradi ulioitwa Mawingu ulianza kurusha intaneti kwa masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki, kwa mitambo inayotumia nguvu za jua. Miongoni mwa walioipata ni Shule ya Sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret. Kule Kibera, Nairobi, vijana wa Tunapanda wameunganisha shule na vituo vya jamii kwa redio zinazofungwa juu ya mapaa. Yaliyowezekana huko yanawezekana Uasin Gishu.

Mambo sita ya kufuata

1. Milingoti lazima ionane. Panda juu ya paa la bohari utazame shule. Kama huioni, redio nazo hazitaonana. Tena mawimbi hayapiti kama uzi mwembamba. Hunenepa katikati ya njia kama kiazi kitamu. Kwa umbali wa kilomita moja, redio za gigahazi 5 zahitaji nafasi ya mita tatu na nusu hivi kila upande wa mstari, katikati ya njia. Kwa hivyo usipime mwezi wa Februari, mashamba yakiwa matupu, ukasema kazi imekwisha. Fikiria mwezi wa Julai, mahindi yakiwa marefu na majani yote yamelowa. Zaidi ya hayo, iangalie mikalitusi. Miche uliyoipanda mwaka huu inaweza kuziba njia yote baada ya miaka mitatu au minne. Afadhali kuinua mlingoti sasa, au kukubaliana na mwenye shamba kabla hajapanda, kuliko kugombana naye miti ikiisha kukua.

2. Mlingoti uwe imara. Bomba la chuma lililofungwa vizuri ukutani, au lililoshikiliwa na nyaya tatu, latosha kwa majengo mengi. Redio ikitikiswa na upepo hupoteza shabaha. Usisimamishe mlingoti karibu na nyaya za stima hata kidogo. Bomba likianguka juu yake, aliyelishika hatapona.

3. Fanya hesabu ya umeme. Redio moja ya namna hii hutumia kama wati 8. Kwa saa 24 ni wati-saa 192. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 60 ina wati-saa 720, lakini betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hivyo chukua 360. Hizo zatosha karibu siku mbili bila jua. Wakati wa mvua, mawingu yanapofunika skimu zetu siku nzima, akiba hiyo ni ya lazima. Paneli ya wati 100 itaijaza jua likirudi.

4. Jihadhari na radi. Faida kubwa ya redio ni kwamba hakuna chuma kinachounganisha jengo na jengo. Radi ikipiga shuleni haina waya wa intaneti wa kuufuata mpaka bohari. Hata hivyo kila mlingoti uunganishwe na nondo ya shaba iliyopigwa chini ardhini, na waya unaoshuka kutoka kwenye redio uwe na kizuizi cha radi. Dhoruba ikikaribia, chomoa vyombo mapema. Ngurumo zikianza, usimruhusu mtu yeyote kushika mlingoti.

5. Fuata sheria. Nunua vyombo vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwulize anayekuuzia intaneti kama mkataba wake unakuruhusu kuifikisha katika majengo mengine, na upate jibu kwa maandishi. Kama nia yenu ni kuwauzia majirani wote, hiyo ni kazi ya leseni. Mwaka wa 2021 Mamlaka hiyo ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, na chama chaweza kuiomba. Kadhalika, kila jengo liwe na neno lake la siri. Habari za wagonjwa zisionwe na watu wa bohari, wala hesabu za maziwa zisichezewe na watoto wa shule.

6. Andikeni mapatano. Hili nimeliweka mwisho, lakini ndilo la kwanza kwa uzito. Redio mbovu hubadilishwa kwa siku moja. Urafiki ulioharibika huchukua miaka.

Nani analipa?

Kabla ya kununua hata msumari, wakuu wa majengo yote wakae pamoja na kujibu maswali haya. Malipo ya kila mwezi yatagawanywa vipi? Shule hutumia intaneti nyingi mchana, lakini sehemu kubwa ya mwezi wa Agosti imefungwa. Je, italipa mwezi huo? Mitambo ya maziwa hutumia kidogo, lakini haifai kukatiwa hata saa moja, maana vipimo vya maziwa huandikwa alfajiri. Fundi aweza kupanga ili kila jengo lipate sehemu yake na lisiinyime jengo jingine. Nani ana ufunguo wa chumba cha betri? Redio ikiharibika, fedha za kununua nyingine zitatoka katika mfuko gani? Katika mkutano gani hesabu hiyo itasomwa mbele ya watu?

Majibu yaandikwe katika karatasi moja, yatiwe sahihi na wote, na yabandikwe ukutani mahali ambapo kila mwanachama aweza kuyasoma.

Skimu niliyoisimulia ilifanya hivyo mwaka uliofuata. Safari hii karatasi za maombi zilipofika mezani kwangu sikuzipiga muhuri. Niliwafuata, nikapanda paa la bohari pamoja na katibu, tukatazama shule kwa macho yetu. Tuliona mikalitusi michanga mitano upande wa kushoto. Mwenye shamba alikuwa yule mzee aliyelalamika katika mkutano. Tulimwendea nyumbani kwake, tukanywa mursik, tukamweleza. Alicheka akasema, "Safari hii mmekuja kuuliza kwanza." Aliikubali kazi, na mikalitusi ile akaihamishia ukingo wa pili wa shamba kwa mkono wake.

Sasa redio zinafanya kazi. Zahanati iliunganishwa baadaye kwa jozi nyingine ya redio. Mweka hazina huandika hesabu za maziwa kila asubuhi, na nakala yake huhifadhiwa shuleni pia, ili jengo moja likipatwa na ajali hesabu zisipotee. Wanachama wengi waliokwenda kwa wachuuzi wamerudi. Nilipomwuliza mmoja wao kilichomrudisha, hakutaja redio. Alisema ile karatasi ya ukutani, maana sasa anaweza kusoma mwenyewe pesa zake zinakwenda wapi.

Basi, ndugu mkulima, waambie halmashauri yako wasivute waya kabla ya kupanda juu ya paa na kutazama. Mwulize ofisa wa kilimo wa wadi yako akuonyeshe chama kilichokwisha kufanya kazi hii, ukajionee mwenyewe. Na atakapokuja karani kama mimi na muhuri wake mkononi, mwulize maswali kabla hajaupiga. Kuuliza si ujinga.