Kwa Taa Gani? Makosa Madogo katika Maneno ya Sinema

Tuseme makanga wa matatu ya Malindi ajisifu hivi: "Gari letu laenda mbio! Twafika Malindi kwa chini ya kilomita kumi!" Bila shaka mtamcheka. Kilomita ni za masafa, si za wakati. Angesema dakika, tungemwelewa.

Basi kichekesho hicho hicho kimo katika sinema mashuhuri ya Marekani, Star Wars, ya mwaka 1977. Rubani Han Solo anatafuta abiria, na anajigamba ati chombo chake kiendacho kasi kilimaliza safari ya Kessel kwa chini ya parseki 12. Parseki ni kipimo cha masafa ya nyota, na moja tu ni kama kilomita trilioni 31. Sisi wa Ngomeni neno kama hili lisitupite. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani, ilirushwa papa hapa baharini kwetu, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970.

Makosa ya aina hii hayaonekani upesi, maana mtazamaji huchukuliwa na vishindo. Mimi hulishika neno nikalipeleka mahali ninapopajua, kama hapo kwa makanga. Likichekesha huko, lina kasoro.

Lakini kasoro ya nani? Hapo ndipo nilipoteleza. Nilibishana na wenzangu hadi sauti ikanikauka, nikishikilia kwamba mtungaji hajui vipimo. Kumbe mswada wa sinema yenyewe waeleza kuwa mzee Obi-Wan, anayeambiwa maneno hayo, aona wazi kwamba rubani anapiga porojo. Yaani muongo ni Solo, mtungaji hana hatia! Tena sinema ya mwaka 2018 iitwayo Solo ilileta jibu jingine: alipita njia ya mkato, masafa yakapungua. (Hicho kwangu ni kiraka tu, shati lilikwisha chanika.)

Nami yalinipata. Katika insha niliandika kuwa usiku ulikuwa wa giza totoro, mtu haoni hata mkono wake. Aya ya pili, shangazi akayaona machozi yakinitiririka. Mwalimu alikata alama tatu, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa taa gani?" Nikajitetea kwamba shangazi alikuwa akibahatisha tu, kama Solo.

Alama hazikurudi.