Wimbo wa Petta nao una mwenyewe

Mfanyabiashara mdogo anayevuka Busia na shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupewa cheti rahisi cha asili, na bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya hupita bila ushuru wa forodha. Wimbo hauna cheti. Ukichukuliwa Petta, wilayani Tororo, ukaimbwa jukwaani Nairobi, hakuna afisa wa kuuliza umetoka kwa nani.

Swali hilo linawahusu wanaotaka kutunga opera, yaani mchezo unaoimbwa, pamoja na wanakijiji. Mfano ulio karibu ni Kamiriithu, jirani na Limuru. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa huko walijijengea jukwaa la wazi la kukaa watu wapatao 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walileta rasimu ya Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji wakaisahihisha lugha bila haya. Majibizano ya harusi yaitwayo gĩtiiro, ambayo Ngũgĩ mwenyewe aliyaita opera, yalifundishwa neno kwa neno na mama wa kijijini asiyejua kusoma. Mazoezi yalifuata ratiba ya kazi za watu: zaidi Jumamosi na Jumapili alasiri.

Onyesho lilifunguliwa Oktoba 2. Mwezi uliofuata serikali ilifuta kibali, na Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Jukwaa lilibomolewa mwaka 1982. Jina la mwandishi linajulikana duniani kote. La yule mama ni wangapi wanalijua?

Padhola wana tongoli, ala yao ya nyuzi, na ngoma ndefu ya fumbo. Lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, kwa hiyo hadhira, na tiketi, zinaweza kupatikana pande zote mbili za mpaka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa na sanaa za jadi inataka jamii iridhie kwanza na ipate mgawo. Lakini sheria ya Kenya haivuki mpaka. Kikundi kitakachokwenda Petta kingeandikiana na wenyeji kabla ya zoezi la kwanza: nani amefundisha wimbo gani, atapata kiasi gani cha kiingilio, na mazoezi yasiangukie siku ya soko. Muuza samaki akifunga meza siku hiyo, hasara ni yake peke yake.